Mwalimu wa shoo za kichen pati hapa Mbeya na pakeji yake ya "bampu na graindi": lipieni drams, glovu achaneni nazo

Wanakamati wenzangu wa Mbeya, na nyie wa Tukuyu, Vwawa mpaka Tunduma mnaoniulizaga kila siku yule mwalimu wa shoo tulimtoa wapi na anafaa au hafai, leo naandika yote kwa mkupuo maana nimechoka kurekodi voisi. Jibu ni kwamba anafaa, mchukueni, ila msichukue pakeji nzima. Lipieni mafunzo, lipieni mpiga drams, yale mavazi yake mwachieni mwenyewe.

Kwa msiomjua, huyu dada alikuwa mnenguaji wa bendi Dar miaka hiyo, akaolewa huku, sa hivi kazi yake ni kufundisha kamati shoo za kuingia ukumbini, iwe send-off, kichen pati, hata besdei za wamama watu wazima. Kamati nyingi zinamwomba singeli au amapiano, anawapa stepu nne tano mnaondoka. Sisi sasa mwenyekiti wetu (ana mambo yake yule mama, Mungu anamwona) akasema anataka kitu cha zamani cha Kizungu, glovu ndefu, manyoya shingoni, nywele za mawimbi, rangi nyeusi na dhahabu. Mwalimu akasema hiyo anayo, anaiita bampu na graindi, ni 350,000: mafunzo 150,000, mpiga drams 60,000, na 140,000 ya kukodi mavazi ya watu wanane. Mhazini akaguna.

Na sio yeye tu aliyeguna, maana hapa mjini ukitamka bampu na graindi watu wanawaza vitu viwili tu, ama mlevi anakatika kilabuni ama mtu anavua nguo. Mama mmoja wa kwaya akauliza wazi wazi bila kupepesa, "Mwanangu, humo ndani kuna mtu atavua?" Mwalimu akamjibu kwa adabu kabisa, "Mama yangu, kitakachovuliwa ni glovu, nayo ikikubali kutoka." Tukacheka, ila kumbe alikuwa anatutabiria, nitakuja huko.

Haya, kitu chenyewe ni nini. Bampu ni kiuno kinatupwa mara moja tu, mbele au pembeni, kwa nguvu, afu kinasimama pale pale. Graindi ni nyonga inazunguka duara zima polepole, mbele, kulia, nyuma, kushoto, inatembea kama jiwe la juu la kusagia ulezi, hairuki kona. Maneno yenyewe ni ya Kiingereza, kugonga na kusaga, na mwalimu kwa hekima zake hilo la pili hakulitafsiri mbele ya wamama, mnajua wenyewe kwanini. Magoti yanalegea, uzito unakaa mguu mmoja, mguu mwingine unagusa chini kwa kidole tu, na kifua kinatulia kabisa kama cha mtu anayesikiliza mahubiri. Alikuwa anatuambia weka kiganja hapo chini ya shingo, zungusha, ukiona kiganja kinapanda na kushuka ujue unazungusha mwili mzima, unadanganya. Asilimia kubwa tulikuwa tunadanganya. Mie bega la kushoto lilikuwa linaenda lenyewe kama linaitwa.

Sasa mimi nilidhani ni stepu mbili tofauti unachagua moja. Hapana, zinakwenda pamoja kama swali na jibu. Graindi inamvuta mtazamaji, unazungusha, unazungusha, anaanza kuzama, anasahau hata soda yake mezani, afu pa! bampu, umemshtua, na wewe unamwangalia usoni kama hujafanya kitu. Hapo ndo watu wanacheka. Ukiondoa hiyo pa na hilo jicho unabaki na kukata mauno tu, ambayo kwa kweli hatuna haja ya kumlipa mtu atufundishe, hapa Tanzania tunazaliwa nayo.

Kuna mama wa kamati ni mtu wa Tanga, akasema kwa sauti hii graindi mbona mie nilifundishwa zamani unyagoni, tena bila kulipa. Mwalimu hakubisha. Akasema mzunguko ni ule ule, tofauti ni mahali unaposimama. Ukinengua kwenye bendi husimami, sebene likishachanganya kiuno kinaenda mpaka wapiga magita wachoke. Kule unyagoni mambo ni ya ndani, yana mafunzo yake na heshima yake. Hii ya Kizungu ni ya jukwaani na kazi yake kubwa ni kumchokoza mtu aliyekaa kwenye kiti, kwaiyo kusimama ghafla ndo utamu wenyewe. Yule mama akajaribu, akazungusha, akasimama, akatuangalia, akapiga bampu moja, tukajua huyu atakaa mbele.

Kitu kingine nilichompendea huyu mwalimu ni kwamba anafundisha na historia yake, tunanyoosha viungo yeye anaongea. Mie nikirudi nyumbani nilikuwa naenda kusoma nijue kama anatupiga kamba au vipi, na sehemu kubwa alikuwa sahihi. Miondoko hii inatoka kwenye burleski, maonyesho ya jukwaani ya Kizungu ya dansi na vichekesho, na yenyewe ilianza kama mzaha, hata jina linatokana na neno la Kitaliano burla, yaani utani. Mwaka 1868 mwanamke wa Kiingereza Lydia Thompson alipeleka kundi lake New York, wanawake wanaigiza nafasi za wanaume, wanakejeli hadithi kubwa kubwa za kuheshimika, na wamevaa nguo zinazoonyesha umbo la miguu, kitu ambacho enzi hizo kilitosha kutikisa mji. Viuno hasa viliingia baadaye. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893 kulikuwa na mtaa umetengenezwa uonekane kama Cairo, wacheza ngoma wa huko Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati wanacheza ngoma zao za tumbo, Wamarekani wakapagawa, wakaiita hoochie-coochie, na muda si mrefu kila sakasi na kila ukumbi wa burleski una mtu wake anaigiza. Kwaiyo hata huo "uzamani wa Kizungu" ambao mwenyekiti wetu aliung'ang'ania nusu yake ulitokea bara hili hili. Nilimwambia, akasema kwani shida iko wapi, rangi nyeusi na dhahabu zinabaki pale pale.

Sehemu moja tu mwalimu nampinga. Alituambia nyota wa Chicago mwaka ule alikuwa dada anaitwa Little Egypt. Hilo jina lilivuma hasa baada ya polisi kuvamia karamu ya matajiri New York mwaka 1896, na waliojiita hivyo walikuwa zaidi ya mmoja, kila mtu anasema ndo mimi. Ni kama sasa hivi kila mganga anasema yeye ndo wa Sumbawanga. Dosari ndogo lakini, haiharibu shoo.

Lenyewe jina bampu na graindi lilikuja kushika miaka ya 1920 na 1930, enzi za kumbi za ndugu wa Minsky pale New York, wakati kuvua nguo kidogo kidogo kumeshakuwa ndo biashara kuu. Hapo kuna kitu watu wanachanganya. Kwa wenye fani, bampu ni bampu na graindi ni graindi, ni miondoko inayohesabika, na mchezaji mzuri alisifiwa kwa bampu yake kama winga anavyosifiwa kwa krosi zake. Kwa watu wa nje, waandishi wa magazeti, wahubiri, maofisa wa jiji, yale maneno mawili yakawa jina la kila kitu wanachokiona kichafu, uwe umevua au hujavua. Gypsy Rose Lee, ambaye ndo alikuwa mkubwa wao, watu walimfuata zaidi kwa mdomo wake, anaongea, anatania, anachelewesha, dakika nyingi zinaisha kashavua glovu tu. Haikusaidia. Mwaka 1937 utawala wa Meya LaGuardia ulikataa kuzipa upya leseni kumbi za burleski za New York, mpaka neno lenyewe burleski likaondolewa kwenye mabango.

Na halikufia hapo. Mwaka 1956 Elvis Presley alipotokea kwenye televisheni mwezi wa 6 akatingisha kiuno, wakosoaji wakamwona hana tofauti na wale wanawake wa burleski, kijana wa kiume na suti yake! Januari 1957 televisheni ikamwonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Mwalimu anapenda sana hiki kipande, anakisimulia huku ameshika kiuno chake mwenyewe kama mtu anayemficha mtoto kamera isimwone. Siku hizi huko kwao burleski imerudi tangu miaka ya 1990, akina Dita Von Teese wanajaza kumbi kubwa, na hayo maneno mawili kwa wenyewe yamerudi kuwa ya fani, yana heshima yake.

Basi tuje kwenye drams, maana hapa ndo penye hela yenu.

Mnapoambiwa 60,000 ya mpiga drams mtasema tutumie spika, nyimbo zipo. Na zipo kweli, ule mmoja usio na maneno wa David Rose ulioshika namba moja Marekani 1962 ndo tulianza nao mazoezi, unaujua hata kama hujui kama unaujua, trombone inaburuza, drams zinagonga. Lakini ukicheza na rekodi unabaki unaikimbiza. Bampu za kwenye rekodi zimeshapigwa miaka mingi iliyopita na hazikungoji. Zile kumbi za zamani zilikuwa na bendi imekaa chini mbele ya jukwaa, na mpiga drams macho yake yote yalikuwa kwa mchezaji, akitupa kiuno yeye anagonga hapo hapo, kiki (ile ngoma kubwa ya kukanyaga kwa mguu) na simbali kwa pamoja. Mwalimu anaita kudaka bampu. Anayeamua ni kiuno, ngoma inafuata. Tulipobadilisha kutoka kwenye spika kwenda kwa yule kijana wa drams nilihisi tofauti siku ile ile, yaani unatupa kiuno na chumba kizima kinagonga, unajiona mwenye nguvu fulani hivi, mama mtu mzima na sweta lako.

Kijana mwenyewe anapiga drams kanisani, Jumapili yuko kwenye praise, ana nidhamu ya kupitiliza. Mazoezi ya kwanza alikuwa anaangalia dari. Mwalimu akamfuata akamwambia, "Mdogo wangu, hapa hautazami wamama, unatazama kazi. Goli kipa anaangalia mpira, haangalii miguu ya nani." Baada ya hapo akawa anadaka vizuri mno, mpaka akaanza kututania, unampa bampu ya uongo, unaanza afu unaacha, yeye anainua fimbo anaishikilia hewani, anakungoja. Mazoezi yalikuwa kwenye darasa la chekechea la watu huko mtaa wa Soweto hapa hapa Mbeya, jioni, Julai, mnajua baridi yetu, tumevaa masweta na soksi nzito na kanga tumefunga kiunoni ili nyonga ionekane inavyotembea. Hiyo kanga tafadhali msiache. Wale wa zamani walishona nyuzi zinazoning'inia kwenye magauni kwa sababu hiyo hiyo, mtikisiko mdogo unaonekana mkubwa, na fundo la kanga linafanya kazi hiyo bure.

Siku yenyewe sasa. Wamama wakubwa wa upande wa bwana wakasema mwanaume haingii humu, kichen pati ni ya wanawake, awe anapiga ngoma awe anapiga deki. Tukabembeleza, wakakubali akae nyuma ya pazia la kitenge. Mnaona tatizo. Mtu ambaye kazi yake ni kukuangalia kiuno hakuoni! Tumeingia, graindi safi, bampu ya kwanza, kimya, afu nyuma ya kitenge ndo inakuja pa. Ya pili pia. Mie moyo ukaniingia tumboni. Shangazi yake bibi harusi, huyu ametoka Iringa, Mhehe wa maneno machache sana, alikuwa katikati. Akasimama. Akageuka taratibu akaliangalia lile pazia, akatupa bampu moja kubwa kabisa, akaweka mkono sikioni kusikiliza. Pa! Ikaja imechelewa. Shangazi akatingisha kichwa kama mwalimu wa hesabu. Ukumbi wote chini, watu wanalia kwa kucheka, mama mkwe mtarajiwa ameshika meza. Akarudia tena na tena, na kila mara pa ikichelewa kicheko kinazidi. Mwalimu ikabidi akimbilie nyuma ya pazia akae na kijana, akawa anampiga bega kila tukitupa, tukamaliza tumeenda sawa, ila kinachosimuliwa mpaka leo ni kile kipande cha shangazi. Hakuna mtu aliyekipanga. Nadhani hata hao akina Minsky wangemlipa.

Ushauri wangu kama na nyie mna wamama wakali wa upande wa bwana: mkubaliane mapema kijana akae pembeni na kofia imeshuka usoni, au mwalimu apangwe nyuma ya pazia tangu mwanzo. Msingoje siku ya siku.

Mavazi. Jamani 140,000 imeniuma. Glovu za satini zinafika juu ya kiwiko, kwenye picha ni za kike haswa, na kuna utaratibu wake wa kuzivua, unalegeza kidole kimoja kimoja kwa meno au kwa mkono mwingine, taratibu, afu unavuta yote mara moja unaizungusha hewani. Zile tulizopewa zilikuwa saizi moja kwa wote. Mie mkono wangu ni wa kusonga ugali, ilipanda kwa shida na kushuka ikagoma. Mwenzangu wa kushoto aliivuta ikakatika kidole gumba, na kile kidole tumelipishwa. Manyoya ya shingoni nayo, wale wa zamani walijua kuyatumia, Sally Rand pale Chicago mwaka 1933 alicheza na mapepeo mawili makubwa ya manyoya ya mbuni na hukuona kitu zaidi ya alichotaka uone. Yetu yalikuwa ya kuku nadhani, yamepakwa rangi, yananyonyoka kila ukigeuka. Yalifika kwenye pilau. Mpishi alituangalia jicho ambalo sitalisahau. Bora mngeenda Mwanjelwa kwenye mitumba mkachambua wenyewe, magauni yenye nyuzi yapo ukiwahi marobota, na glovu fundi wa mtaani anashona kwa kipimo chako, au mkate tu soksi ndefu nyeusi, hakuna atakayejua.

Mengine madogo. Anachelewa, huyu dada anachelewa, akikwambia saa 10 jioni wewe mwambie saa 9. Kwa wenye magoti mabovu anawabadilishia, graindi wanafanya wakiwa wameshika kiti na bampu ya pembeni tu badala ya mbele, na haionekani kama wamepunguziwa, nilipenda hilo. Viatu virefu sio lazima, zamani walivaa lakini sisi sakafu ya ukumbi ilikuwa ya vigae vinavyoteleza, nusu yetu tulicheza na raba nyeusi. Lugha yake ni safi, hana matusi, hata mama wa kwaya kamaliza mazoezi yote na siku hizi akinipita njiani Kabwe ananirushia kabampu kadogo ka pembeni na kiroba cha mchele kichwani.

Kama kamati yenu inataka jasho na kasi, huyu sio wenu, chukueni wa singeli mtapungua na uzito. Kama mnataka watu wacheke na bibi harusi asahau woga wake, mafunzo na drams jumla 210,000, kwangu ni 9 kwa 10. Mavazi 3, na hizo 3 ni za picha. Anataka nusu ya hela mbele, mpeni kwa mtandao wa simu ili mbaki na meseji, na mwandikishane idadi ya mazoezi. Na kiti cha mpiga drams nendeni nacho wenyewe, ukumbini walimletea cha ofisini chenye magurudumu, kila akikanyaga kiki anarudi nyuma na kitenge chake.